Tunasikitika Kukujulisha

Wahakiki wetu wamekwisha kuandika mengi juu ya mashairi, riwaya na tamthilia, na siku hizi hata nyimbo za vijana zimepata watu wa kuzichambua. Lakini sijamwona bado mhakiki aliyekaa kitako akaichambua barua ya ofisi. Jambo hili hunishangaza, kwani mtu wa kawaida anaweza kufikisha miaka 70 bila kununua diwani hata moja, lakini hafikishi hata 30 kabla ya kupokea barua inayomnyima kitu: kazi, mkopo, kiwanja, nafasi ya mtoto shuleni, fidia ya bima. Barua hiyo ataisoma kwa makini kuliko mwanafunzi asomavyo shairi la mtihani. Ataisoma mara tatu, ataikunja, ataificha chini ya godoro, kisha ataitoa tena amwonyeshe shemeji yake. Maandishi yanayosomwa kwa moyo wa namna hiyo yanastahili uhakiki, na katika kurasa hizi nitajaribu kuyahakiki, pamoja na mwenzake wa upande wa pili, yaani barua ya kuomba na kushawishi.

Tuanze na ile ya kukataa. Nisije nikamtaja mtu, nimetunga mfano mwenyewe, ila sidhani kuwa kuna sentensi ndani yake ambayo msomaji hajapata kuiona mahali:

"Yah: Maombi ya Mkopo. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Tunapenda kuchukua nafasi hii kukushukuru kwa kuichagua taasisi yetu na kwa imani kubwa uliyoionyesha kwetu. Maombi yako yalipokelewa na kufanyiwa kazi kwa uzito unaostahili. Hata hivyo, tunasikitika kukujulisha kwamba baada ya vigezo mbalimbali kuzingatiwa, imeonekana kuwa kwa sasa haitawezekana maombi hayo kushughulikiwa kama ilivyotarajiwa. Tunathamini ushirikiano wako na tunakutakia kila la heri."

Hebu tuitazame kama tunavyotazama shairi, kwa kuuliza swali la kwanza ambalo mwalimu wa fasihi huuliza: nani anasema hapa? Kuna "sisi" katika barua hii, na anajitokeza mara nne kwa kitenzi kizima: tunapenda, tunasikitika, tunathamini, tunakutakia. Vyote vinne ni vitenzi vya moyoni. Inapofika zamu ya kutenda, kupokea, kupima, kuona, kukataa, huyo "sisi" hayupo tena. Maombi yalipokelewa, vigezo vikazingatiwa, imeonekana, haitawezekana. Ofisi hii ina moyo lakini haina mikono wala macho. Imeonekana na nani? Mwombaji anayetaka kujua amwendee nani hatapata jibu hata akiigeuza barua juu chini.

Kiswahili kimejaliwa utajiri mkubwa wa kauli za vitenzi, na katika utajiri huo kuna kauli ya kutendeka, ambayo hueleza jambo lililotukia bila kumgusa aliyelifanya. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua kabla hajaanza shule. Akiangusha kikombe hasemi "nimevunja kikombe." Husema, "Mama, kikombe kimevunjika." Na kila mama anajua kumjibu: "Kimejivunja?" Nimefundisha sarufi miaka mingi katika chuo cha ualimu, na sijapata mfano bora wa kueleza tofauti kati ya kuvunja, kuvunjwa na kuvunjika kuliko huo wa kikombe. Ajabu ni kwamba sarufi hiyo ya mtoto mwenye hatia ndiyo iliyopandishwa cheo ikawa lugha ya wakubwa wenye mihuri. "Imeshindikana." "Haitawezekana." "Imelazimu." Hakuna mama wa kuwauliza.

Tazama tena maneno mawili madogo: "kwa sasa." Mwandishi aliyaweka kama mtu anavyoweka kijiko cha sukari, ili uchungu upungue. Lakini mwombaji mwenye shida haoni sukari, anaona mlango ulioachwa wazi kidogo. Atarudi mwezi ujao kwa nauli ya kukopa. Na ile "kama ilivyotarajiwa" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaweza kumaanisha kuwa mkopo umekataliwa, au umecheleweshwa, au utatolewa kwa kiasi kingine. Barua nzima ina maneno zaidi ya 60, na neno "hapana" halimo, wala "tumekataa," wala sababu hata moja. "Vigezo mbalimbali" si sababu. Ni jina la kabati ambamo sababu zimefungiwa.

Tumeyapata wapi mazoea haya? Nadhani yana mizizi miwili. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Makarani waliokuwa wakiandika barua kwa Kiingereza walitakiwa waziandike kwa lugha ya nyumbani, na kielelezo walichokuwa nacho mezani kilikuwa barua ya serikali ya kikoloni. Barua ile haikuwa na mtu. Mwandishi wake hakusema kwamba anakataa, alisema ameelekezwa kumjulisha mwombaji kuwa ombi lake halikufaulu. Sikusudii kuwalaumu makarani wale. Walifanya kazi kubwa kwa muda mfupi, na istilahi nyingi tunazozitumia leo bila kufikiri ni jasho lao. Lakini pamoja na istilahi walitafsiri pia koti na tai, na sisi tumeendelea kuvaa koti hilo hata katika kampuni binafsi ambazo hazikuwapo wakati ule.

Mzizi wa pili ni vitabu vya mawasiliano ya biashara vilivyoletwa katika vyuo vyetu kutoka Uingereza na hasa Marekani. Vitabu hivyo vilifundisha kanuni moja kwa sauti moja: ukiwa na habari mbaya, usianze nayo. Anza na sentensi laini isiyosema ndiyo wala hapana, iwe kama mto wa kumkalisha msomaji, eleza sababu, kisha ipenyeze habari mbaya katikati ya sentensi ndefu, malizia kwa maneno matamu. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Walisema kwamba mtu akikutana na "hapana" katika mstari wa kwanza, hataziona sababu zilizo chini yake. Kanuni hii ilirudiwa kwa miaka mingi, hata mwaka 1999 mtafiti Mmarekani, Kitty Locker, alipochapisha matokeo ya majaribio yake juu ya barua za kunyima mkopo na za kukataa nafasi ya chuo kikuu. Aliona kwamba ule mto wa mwanzoni haukubadili kwa kiasi cha maana jinsi wasomaji walivyoipokea habari, na kwamba kuisifu mno taasisi katika barua hizo kulizidisha ubaya. Barua zake zilikuwa za kuigiza, na wasomaji wake walikuwa wanafunzi wa chuo, si wajane wa Kariakoo. Kwa hiyo siyachukui matokeo hayo kuwa sheria. Nasema tu kwamba hata kwao walikotutolea mto huo, wamekwisha kuuliza kama una pamba.

Hapa najua kuna msomaji atakayenipinga, tena kwa hoja nzito. Atasema: sisi si Wazungu. Muungwana hasemi hapana usoni pa mtu. Mshenga aliyeleta barua ya posa haambiwi "binti yetu hatumpi kijana wenu," huambiwa mtoto bado anasoma, au ana ahadi kwingine, naye huelewa, huaga, na udugu hubaki. Je, hiyo barua ya ofisi si uungwana huo huo ulioandikwa kwa kompyuta?

La hasha, na sababu ni kwamba uungwana wetu una mipaka inayojulikana na pande zote mbili. Mshenga anajua anachoambiwa. Maneno yamezungushwa lakini maana haikuzungushwa. Tena zitazame barua za kale za Waswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambazo baadhi yake C. G. Büttner alizichapisha Ujerumani mwaka 1892. Barua ya namna hiyo ilifunguliwa kwa salamu ndefu na dua kwa mpokeaji. Mtu mwenye haraka angeweza kudhani haina jambo. Lakini salamu zikiisha lilikuja neno "wa baadu," na aliyesomewa barua alijua kwamba adabu imekamilika na sasa linakuja jambo lenyewe. Sisi tuliosoma shule za kati tulikuwa na wa baadu yetu. Baada ya "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali nami," tuliandika: "Dhumuni la barua hii ni..." Watu wazima waliicheka sentensi hiyo, nami nimeisikia ikichekwa hata na maprofesa, lakini ilikuwa na faida ambayo barua ya mkopo niliyoitunga hapo juu haina. Iliweka mlango kati ya ukumbi wa salamu na chumba cha habari. Barua ya ofisi imebomoa ukuta ule, ikamwaga salamu ndani ya habari, hata msomaji hajui akae wapi.

Na kama tunataka somo la kukataa kwa Kiswahili safi, twende dukani. Mwenye duka ni mfanyabiashara ambaye hukataa mara nyingi kwa siku kuliko meneja wa benki, na wanaomwomba ni majirani atakaoswali nao au kuketi nao kanisani. Ukutani kwake ameandika: "Leo hakuna mkopo, njoo kesho." Au ameandika methali, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Maandishi hayo humkatalia kila mtu kabla hajaomba, kwa hiyo hayamkatalii yeyote. Mwombaji hajafungua kinywa, hajaaibika, na ana ruhusa ya kucheka. Ile "kesho" haimdanganyi mtu, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba kesho kibao kitakuwa pale pale. Lingania hiyo "kesho" na "kwa sasa" ya barua yetu, na utaona tofauti kati ya mzaha unaofahamika na tumaini la uongo.

Pengine msomaji anafikiri nafanya kisa kikubwa kutokana na mtindo tu. Basi nimweleze habari iliyofika barazani kwangu mwaka 2018. Mwalimu mmoja niliyemfundisha chuoni, aliyekuwa akifanya kazi katika sekondari binafsi ambayo sitaitaja, alipewa barua mwishoni mwa muhula. Ilimshukuru kwa mchango wake, ikazungumzia changamoto za wakati ule, kisha ikasema kwamba uongozi umeona ni vyema apumzike kwa kipindi hicho wakati taratibu nyingine zikiendelea. Akapumzika. Alikwenda kwao akalima, akijua ataitwa shule zitakapofunguliwa. Shule zilifunguliwa hakuitwa. Mshahara wa mwezi wa kwanza haukuja, akadhani umechelewa kama ilivyokuwa kawaida. Wa pili nao haukuja. Mwezi wa tatu alipiga simu, akajibiwa na karani, kwa mshangao wa kweli, "Lakini mwalimu, si ulishapewa barua yako?"

Sasa sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu wa haki. Mfanyakazi anayeona ameonewa ana mahali pa kwenda, nako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini kanuni za mwaka 2007 ziliweka siku 30 za kufikisha shauri la namna hiyo, na akichelewa hana budi kuomba kwanza aongezewe muda, kwa sababu za msingi. Siku 30 za mwalimu wangu ziliishia shambani. Alipofika kwenye Tume, mjadala wa kwanza haukuwa juu ya haki yake. Ulikuwa juu ya neno moja la Kiswahili: je, "kupumzika" ni kuachishwa kazi? Wakili wa shule alisema kwamba mtu mwenye elimu yake hakushindwa kuelewa. Mwishowe pande zote mbili zilimalizana nje kwa fedha ambazo hazikufika nusu ya alizokuwa akidai.

Nimeisoma barua ile mara nyingi. Sioni ndani yake mtu mwovu. Naona mkuu wa shule, mtu wa kazi yangu mwenyewe, ambaye hakutaka kumuumiza mwenzake na akachagua neno lililo laini kuliko yote. Ulaini huo ulimgharimu mwalimu yule zaidi ya vile ambavyo ukali ungemgharimu. Angeambiwa, "Mkataba wako unakoma tarehe 31 Desemba, kwa sababu wanafunzi wamepungua na somo lako litafundishwa na mtu mmoja badala ya wawili," angelia siku mbili, na siku ya tatu angejua la kufanya. Majirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili likiwa zito hata wakaliingiza katika Katiba yao ya mwaka 2010. Ibara ya 47 inampa mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Sasa niiandike upya barua yangu ya mkopo, maana mhakiki asiyethubutu kushika kalamu hapendezi:

"Ndugu, tumeujadili mkopo wa shilingi 3,000,000 ulioomba tarehe 4 Machi, na hatutaweza kukupa. Marejesho yake yangekuwa shilingi 310,000 kwa mwezi. Mshahara unaobaki mkononi mwako ni shilingi 420,000, na utaratibu wetu hauruhusu marejesho kuvuka theluthi moja ya fedha hiyo. Kwa mshahara huo tunaweza kukupa shilingi 1,200,000 za kulipa kwa miezi 12, ukipenda. Uamuzi huu ulifanywa na kamati ya mikopo ya tawi. Ukiona hesabu yetu ina kosa, tuletee hati ya mshahara ya mwezi uliopita kabla ya tarehe 30, nasi tutaitazama upya."

Sikuacha adabu. Niliandika "hatutaweza," sikuandika "hatutaki." Lakini kati ya "hatutaweza" na "haitawezekana" kuna tofauti ya mtu mmoja mzima, yule anayekubali kuwa yeye ndiye aliyeamua. Sababu ni hesabu ambayo mwombaji anaweza kuikokotoa mwenyewe juu ya boksi la sigara. Na ameachiwa njia mbili, ya kupokea kidogo au ya kubisha.

Nakiri kwamba si kila sababu inaweza kuandikwa. Kama mwombaji wa kazi alishuhudiwa vibaya na mwajiri wake wa zamani, huwezi kumwandikia hayo bila kuwasha moto. Kama waliomba watu 400 na nafasi ni moja, huwezi kumweleza kila mmoja upungufu wake. Lakini hata hapo unaweza kusema kwamba walikuwa 400, kwamba nafasi imejazwa, na kwamba aliyeipata ana uzoefu wa aina fulani. Kinachoniudhi ni ile sentensi ya "maombi yako tutayahifadhi kwa matumizi ya baadaye," wakati kila mtu pale ofisini anajua maombi hayo yatahifadhiwa wapi. Muuza karanga wa nje ya geti anajua pia.

Wanaokataa vizuri wapo, na aghalabu hawakusoma vitabu vya mawasiliano. Fundi seremala wa mtaani kwetu aliniandikia hivi kwenye simu: "Mwalimu shikamoo. Lile kabati sitaliweza mwezi huu, nina kazi ya madawati mpaka tarehe 20. Kama una haraka mwone fundi wa kona ya msikitini, mkono wake mzuri. Ukisubiri bei ni ile ile." Salamu ipo, uamuzi upo, sababu ipo, njia mbili zipo, na hata mshindani wake amesifiwa.

Nigeukie sasa barua ya kuomba na kushawishi. Vitabu vile vile vya biashara vina ngazi yao maarufu ya vipandio vinne, inayohusishwa na Mmarekani E. St. Elmo Lewis wa mwishoni mwa karne ya 19: vuta macho ya msomaji, amsha shauku yake, mtie hamu, kisha msukume atende. Ngazi hiyo inafanya kazi, sikatai. Lakini ni ngazi ya kupandia tu, haiulizi unapanda kwenda kuchuma embe au kuingia dirishani.

Nina ushahidi. Ujumbe wa kushawishi uliosukwa kwa ustadi kuliko wote niliousoma kwa Kiswahili cha miaka hii haukuandikwa na kampuni yoyote ya matangazo. Uliandikwa na mwizi. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, wengi wetu tumepata kuletewa maneno ya namna hii: "Ile pesa nitumie kwenye namba hii, jina litatokea..." kisha hufuata jina la mtu asiyejulikana. Tulihakiki bila hasira. Lote limo katika neno "ile." Hicho ni kionyeshi cha kitu cha mbali ambacho msemaji na msikilizaji wote wanakijua. Mwizi hakusema kuwa unamdai au anakudai. Hakutaja kodi, ada wala deni. Alisema "ile" tu, na msomaji mwenyewe, ambaye kama sisi sote ana fedha fulani aliyoahidi mtu fulani, akaitafuta kichwani na kuiweka pale. Salamu hazimo, kwa hiyo maneno yanaonekana kuwa mwendelezo wa mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Na kabla shaka haijazaliwa ("mbona namba si yake?") imekwisha kujibiwa: jina litatokea. Ni mfupi, una tendo moja, umeondoa kikwazo. Mwalimu wa ngazi ya vipandio vinne angeupa alama 90.

Ndiyo maana siridhiki tukisema kwamba barua nzuri ya kushawishi ni ile inayofaulu. Kipimo changu ni kile kile nilichokitumia kwa barua ya kukataa. Je, msomaji anajua ni nani anayemwandikia? Anajua kitakachomtoka, kwa tarakimu? Na akitaka kusema hapana, kuna mahali pa kusemea? Wakopeshaji wa kwenye simu, wale ambao watu wamewabatiza "kausha damu," wanaanguka kwa maswali yote matatu. Wakati wa kukopesha hutuma maneno ya asali, na wakati wa kudai baadhi yao hutuma matusi, tena si kwa mdaiwa peke yake bali kwa mama mkwe wake na mwajiri wake. Kenya iliwawekea kanuni mwaka 2022 zilizokataza vitisho na aibu za namna hiyo. Kadi ya mchango wa harusi, ambayo watu wengi huilalamikia, mimi naitetea kwa kiasi fulani. Angalau inakuambia wazi kadi ya mtu mmoja ni shilingi ngapi na ya wawili ni shilingi ngapi, na mwisho ni tarehe gani. Kama inakuumiza, inakuumiza mchana kweupe.

Barua ya kuomba ninayoijua kwa undani zaidi ni ya shule kwa wazazi. Kwa miaka mingi haikuwa barua ya kuomba. Iliandika "mnatakiwa," na mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani, basi hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, elimu bila malipo ikaanza Januari 2016, na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Walimu wakuu wakajikuta wanahitaji ufundi ambao hakuna aliyewafundisha, wa kumwomba mtu mwenye uhuru wa kukataa. Wengi walichofanya ni kufuta "mnatakiwa" na kuandika "mnaombwa kwa hiari yenu," huku mifupa yote ya amri ikibaki chini ya ngozi: kiwango kimoja kwa wote, tarehe ya mwisho, na orodha ya majina kwa mwalimu wa darasa. Hiari yenye orodha ya majina ni neno jingine la lazima, na wazazi waliielewa hivyo siku ya kwanza.

Hivi karibuni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aliniomba, kama mzee, nimtazamie barua yake ya madawati. Aliandika kwamba wazazi wanaombwa kuunga mkono juhudi za kuboresha mazingira ya kujifunzia na kufundishia. Nilimwuliza madawati yaliyopungua ni mangapi. Akasema 40. Watoto wangapi wanakaa chini? Akasema 112, wengi wao wa darasa la pili. Fundi anataka kiasi gani kwa dawati moja? Alikuwa na karatasi ya bei mfukoni. Kwa nini hayo yote hayamo katika barua? Akasema alidhani barua ya ofisi haiandikwi hivyo. Tukaiandika upya pamoja: watoto 112 wanakaa chini, madawati 40, bei ya moja, jina la mwenyekiti wa kamati atakayepokea fedha na kutoa stakabadhi, siku ambayo hesabu itabandikwa ukutani. Mwishoni niliongeza sentensi iliyosema kwamba mzazi asiyeweza kutoa fedha anaweza kuja Jumamosi kusaidia kubeba mbao, na asiyeweza lolote kati ya hayo mtoto wake hataulizwa kitu.

Aliisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa muda mrefu. Akaniuliza, kwa adabu, kama wazazi wote wakiisoma hiyo, nani atatoa. Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba swali hilo ndilo linaloifanya iwe barua ya kuomba. Aliondoka nayo akinishukuru. Wiki iliyofuata mjukuu wangu alikuja na nakala yake kutoka shuleni. Watoto 112 walikuwamo, madawati na bei vilikuwamo, jina la mwenyekiti lilikuwamo. Pale palipokuwa na sentensi yangu ya mwisho paliandikwa "bila kukosa," kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.